Pentekoste kabla ya Matendo 2: ilikuwa sikukuu gani, na hamsini inahesabiwaje?

Mwalimu_wa_Watu_Wazima (mtoa mada):

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nina kipindi cha dakika 45 na darasa la watu wazima, juma moja kabla ya Pentekoste. Wengi wanaijua kama siku ya kuzaliwa kwa Kanisa, basi. Lakini Matendo 2:1 inasema "ilipotimia siku ya Pentekoste". Maana yake siku hiyo ilikuwa na jina lake, na watu walikuwa wakiingoja hata kabla Roho hajashuka. Naomba msaada kwa haya:

Kwanza, sikukuu yenyewe ilikuwaje hekaluni? Nataka vitu vya kushikika: nini kililetwa, kiasi gani, nani alikula.

Pili, kwa nini tarehe yetu na ya Wayahudi hazilingani? Mwaka 2024 sisi tulikuwa Mei 19, wao Juni 12. Kama wote tunahesabu hamsini, hizo siku 24 zimetoka wapi?

Tatu, nimesikia mara nyingi kwamba Pentekoste ni siku Torati ilipotolewa Sinai. Naweza kulisema hilo darasani kwa ujasiri, au nitakuwa nimeongeza chumvi?

Tafadhali mnipe na mafungu ya kusoma.

Mundu_na_Mganda:

Mtoa mada, ukitaka darasa likushike vizuri usianzie Pentekoste yenyewe. Rudi nyuma siku 49, kwenye mganda wa shayiri. Kati ya sikukuu tatu za kupanda kwenda Yerusalemu (Kumbukumbu 16:16), hii ndiyo pekee ambayo Torati haikuipa tarehe. Pasaka inayo: mwezi wa kwanza, siku ya kumi na nne jioni. Vibanda inayo: mwezi wa saba, siku ya kumi na tano. Hii ina hesabu tu. Ukiikosa siku ya kwanza umeikosa sikukuu.

Majina yake: sikukuu ya mavuno (Kutoka 23:16), sikukuu ya majuma (Kutoka 34:22, Kumbukumbu 16:10), siku ya malimbuko (Hesabu 28:26). Kwa Kiebrania ni Shavuot, yaani majuma. "Pentekoste" ni Kigiriki, maana yake "ya hamsini", na Wayahudi waliosema Kigiriki walilitumia jina hilo muda mrefu kabla ya Luka. Wenye Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni waangalie Tobiti 2:1 na 2 Wamakabayo 12:31-32, majina yote mawili yako hapo.

Sasa mganda. Soma Walawi 23:9-14. Shayiri huiva kabla ya ngano, kwa hiyo mavuno yanafunguliwa na shayiri. Mpaka mganda upelekwe mbele za Bwana, hakuna aliyeruhusiwa kula mkate wala bisi wala masuke mabichi ya mavuno mapya. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi wa Kiyahudi, katika sehemu iitwayo Menahoti, inaeleza jinsi ulivyovunwa. Wajumbe wa baraza walikwenda shambani mapema wakayafunga mashina ya shayiri mafungumafungu yakiwa bado yamesimama, ili yakatike kirahisi. Jioni watu wa miji ya karibu walikusanyika. Mvunaji anauliza: jua limetua? Wanaitikia: ndiyo! Mundu huu? Ndiyo! Kikapu hiki? Ndiyo! Nivune? Vuna! Kila swali mara tatu. Kelele zote hizo zilikuwa na sababu, na ndugu atakayejibu swali la kalenda ataifikia: kulikuwa na watu waliopinga kwamba huo ndio usiku wenyewe.

Kipimo cha mganda ni omeri moja, ambayo Kutoka 16:36 inasema ni sehemu ya kumi ya efa (Biblia ya Union imeandika "pishi"). Kwa mujibu wa Mishna walichukua sea tatu za shayiri, ambazo ndizo efa nzima, wakausaga na kuuchekecha kwa machekeche 13 mpaka ibaki sehemu moja tu ya kumi. Hebu fikiria: debe zima la nafaka kwa ajili ya vibaba vichache vya unga laini.

Halafu wanaanza kuhesabu, juma kwa juma. Siku ya hamsini inaletwa sadaka mpya, safari hii ya ngano (Walawi 23:15-21). Mikate miwili, ya sehemu mbili za kumi za efa, ya unga mwembamba, imeokwa na CHACHU. Hapo wasimamishe wanafunzi wako. Sadaka za unga karibu zote zilikatazwa chachu (Walawi 2:11), na majuma saba nyuma chachu ilikuwa imefagiliwa nyumbani kwa ajili ya Pasaka. Hii mikate miwili inaagizwa kuwa nayo. Ndiyo sababu haikupanda madhabahuni. Walawi 2:12 inasema mambo ya namna hiyo yataletwa kama malimbuko, ila hayatateketezwa. Ilitikiswa mbele za Bwana, kisha ikawa fungu la makuhani, wao ndio walioila.

Pamoja na mikate: wana-kondoo saba, ng'ombe mume mchanga mmoja na kondoo waume wawili wa kuteketezwa, mbuzi mume mmoja wa sadaka ya dhambi, na wana-kondoo wawili wa sadaka za amani. Mtu akisoma Hesabu 28:27 atakuta ng'ombe wawili na kondoo mume mmoja. Msiogope tofauti hiyo. Mapokeo ya Kiyahudi yanazichukua kuwa seti mbili: moja iliambatana na mikate, nyingine ni ya siku yenyewe.

Baada ya siku hiyo watu binafsi ndipo walianza kuleta malimbuko yao. Mkulima akiingia shambani akaona tini ya kwanza kuiva, au kichala cha zabibu, au komamanga, anakifunga na unyasi na kusema: haya ni malimbuko. Vinaletwa Yerusalemu kikapuni, na mwenyewe anasema maneno ya Kumbukumbu 26:5-10. Lisome lote darasani, halizidi dakika mbili.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote: maagizo ya sikukuu hii yanafungwa na Walawi 23:22, usivune pembe za shamba lako, waachie maskini na mgeni. Hakuna sikukuu nyingine katika sura hiyo iliyofungwa hivyo. Kumbukumbu 16:11 nayo inawataja mtumwa, Mlawi, mgeni, yatima na mjane kuwa washiriki wa furaha. Ukishasoma hayo, Matendo 2:44-45 na 4:34 zinasikika tofauti kabisa.

Hesabu_ya_Majuma:

Nakazia aliyoyasema hapo juu. Nijibu la tarehe, maana hapo wengi hujikwaa.

Tatizo liko katika neno moja. Walawi 23:11 na 15 zinaagiza hesabu ianze siku inayofuata "Sabato". Sabato ipi?

Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya Mikate Isiyotiwa Chachu, yaani 15 Nisani (mwezi wa kwanza wa Kiyahudi), kwa kuwa ni siku ya kupumzika. Basi mganda ni 16 Nisani, iwe siku yoyote ya juma. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anaandika vivyo hivyo: mganda ulitolewa siku ya pili ya sikukuu, tarehe 16. Waboethusi, kundi lililokuwa karibu na Masadukayo, walisema ni Sabato ya kawaida, Jumamosi. Basi mganda ni Jumapili, na ya hamsini ni Jumapili. Hao ndio waliosababisha mvunaji aulize mara tatu na umati uitikie kwa sauti. Wasamaria na Wakaraiti (Wayahudi wasiofuata mapokeo ya marabi) hata leo wanaangukia Jumapili kila mwaka. Lipo na kundi la tatu, la Kitabu cha Yubile (maandiko ya kale ya Kiyahudi) na hati za Qumrani (zilizopatikana karibu na Bahari ya Chumvi). Wao walisubiri juma lote la sikukuu lipite, wakaanza kuhesabu 26 Nisani, wakafika 15 ya mwezi wa tatu.

Wayahudi wengi leo wanafuata hesabu ya Mafarisayo. Ijaribu mwenyewe: Nisani ina siku 30, Iyari, mwezi wa pili, ina 29. Kuanzia 16 hadi 30 Nisani ni siku 15. Ongeza 29 za Iyari, ni 44. Siku ya 49 ni 5 Sivani (mwezi wa tatu), ya hamsini ni 6 Sivani. Zamani miezi ilipotangazwa kwa kuuona mwandamo, ingeweza kuwa 5, 6 au 7 Sivani. Ndani ya nchi ya Israeli inaadhimishwa siku moja, nje siku mbili.

Kanisa linahesabu kutoka Jumapili ya Ufufuko, kwa hiyo daima ni Jumapili. Tofauti ya tarehe basi haitoki kwenye hamsini. Inatoka kwenye Pasaka. Pasaka ya 2025: Wayahudi 15 Nisani ilikuwa Aprili 13, sisi Aprili 20. Matokeo: wao Juni 2, sisi Juni 8. Hiyo ni tofauti ndogo ya kawaida. Mwaka 2026: wao Mei 22, sisi Mei 24, karibu tugusane.

2024 ni jambo jingine. Kalenda ya Kiyahudi huongeza mwezi mzima wa 13 mara saba katika kila miaka 19, ili Nisani isitoke kwenye majira ya kuchipua. Mwaka wao 5784 ulikuwa na mwezi huo, Pasaka ikasogea hadi Aprili 23. Kanisa la Magharibi nalo lina jedwali lake la mwezi mpevu, likaangukia Machi 31. Miaka mitatu katika kila 19 (wa 8, wa 11 na wa 19 wa mzunguko) inatokea hivyo, Pasaka yetu inatangulia yao kwa karibu mwezi. Waorthodoksi, kwa kuwa wanatumia kalenda ya Juliasi kwa Pasaka, mwaka huohuo 2024 waliadhimisha Pentekoste Juni 23. Sasa una tarehe tatu tofauti, na wote wamehesabu hamsini bila kukosea.

Tahadhari kuhusu mwaka wa Matendo 2 wenyewe. Ukifuata Yohana, Yesu alisulubiwa Ijumaa 14 Nisani (Yohana 18:28, 19:14). Kesho yake, Jumamosi, ni 15 Nisani na ni Sabato pia. Kwa hiyo 16 Nisani ni Jumapili, siku ya ufufuko, na hesabu ya Mafarisayo na ya Masadukayo zinakutana. Lakini ukifuata mpangilio wa Mathayo, Marko na Luka, ambapo karamu ya mwisho ndiyo mlo wa Pasaka, Ijumaa inakuwa 15 Nisani. Mganda wa Mafarisayo unakuwa Jumamosi na Pentekoste yao Jumamosi. Kwa hiyo usiape darasani kwamba "mganda ulitikiswa saa ileile kaburi lilipokuwa wazi". Sema: kwa hesabu ya Yohana, ndiyo, siku ni ileile.

Mwalimu_wa_Watu_Wazima:

Asanteni sana, hii ni hazina. Swali dogo: nimehesabu 2025 kuanzia Aprili 20, nikajumlisha 50, nikapata Juni 10, Jumanne. Wapi nimekosea? Na siku 40 za Kupaa nazo zinahesabiwa vipi?

Hesabu_ya_Majuma:

Ukijumlisha 50 juu ya Aprili 20 unafika Juni 9, Jumatatu, kwa hiyo huenda pia umeisahau siku moja ya Mei, ambayo ina 31. Kosa kubwa lakini ni lile la kwanza: siku ya kuanzia yenyewe inahesabiwa. Aprili 20 ni siku ya 1. Jumlisha 49, si 50. Aprili inakupa 11 (20 hadi 30), Mei 31, jumla 42, zimebaki 8: Juni 8.

Kupaa ni hivyohivyo: Jumapili ya Pasaka ni ya 1, siku ya 40 ni Alhamisi. Kutoka Alhamisi hiyo hadi Pentekoste ni siku kumi mbele. Kwa kuwa Pasaka haiwezi kutangulia Machi 22 wala kupita Aprili 25, Pentekoste ya Magharibi daima iko kati ya Mei 10 na Juni 13. Tarehe ikitoka nje ya hapo, rudia hesabu.

Sauti_na_Moto:

La tatu niachieni mimi, maana hapo ndipo wahubiri wengi wanateleza, na kinachoponza ni haraka tu.

Torati haisemi popote kwamba sikukuu ya majuma ni kumbukumbu ya Sinai. Hakuna fungu. Kilichopo ni Kutoka 19:1: Israeli walifika jangwa la Sinai mwezi wa tatu, ambao ndio mwezi wa sikukuu. Ipo pia 2 Mambo ya Nyakati 15:10-12, ambapo siku za mfalme Asa watu walikusanyika Yerusalemu mwezi wa tatu wakafanya agano. Huo ni msingi, bado si ushahidi.

Katika karne ya 2 kabla ya Kristo Kitabu cha Yubile kinaiunganisha sikukuu hii na agano: kinasema ilishikwa tangu Nuhu, na kwamba kila mwaka ni ya kulifanya agano upya. Kwa hiyo wazo la agano lilikuwapo kabla ya mitume, angalau kwa baadhi ya Wayahudi. Kusema waziwazi "hii ndiyo siku Torati ilipotolewa" tunakukuta kwa marabi, baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70. Na sababu inaeleweka. Hakuna hekalu, hakuna mganda, hakuna mikate miwili. Sikukuu iliyokuwa ya shamba na madhabahu ingebaki na nini? Ikabaki na Sinai. Leo katika sala zao inaitwa majira ya kutolewa Torati yetu, na linalosomwa ni Kutoka 19 na 20.

Hivyo darasani sema: "Wayahudi wa baada ya hekalu wanaiadhimisha hivi, na dalili za agano zipo tangu mapema." Ukisema "Luka alijua ni siku ya Torati", hapo ndipo unaongeza chumvi. Petro mwenyewe katika hotuba yake ananukuu Yoeli na Zaburi ya 16 na ya 110. Sinai hajaitaja.

Pamoja na hayo, simulizi lenyewe lina harufu ya Sinai, na si haki kuificha. Weka Kutoka 19:16-19 na Matendo 2:2-4 ubavuni: sauti kubwa, moto, watu wamekusanyika mahali pamoja. Kutoka 20:18 kwa Kiebrania inasema watu "waliziona sauti", msemo uliowashughulisha wafasiri mno. Philo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi aliyeishi wakati wa Yesu, akieleza Amri Kumi anasema sauti ilitoka katika moto, na ule mwali ukawa maneno ya lugha waliyoizoea wasikilizaji. Philo hakumsoma Luka, na hakuna sababu ya kudhani Luka alimsoma Philo. Ila wote wawili wanaonyesha kwamba moto unaogeuka kuwa lugha halikuwa wazo geni kwa Wayahudi wa karne ile. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, nayo ina neno kwamba kila tamko la Sinai liligawanyika kuwa lugha sabini. Hilo limeandikwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo lisitumike kama chanzo cha Matendo 2.

Kuhusu elfu tatu: waliokufa kwa ajili ya ndama (Kutoka 32:28) ni wapata elfu tatu, waliobatizwa (Matendo 2:41) ni wapata elfu tatu. Ni ulinganisho mzuri, na 2 Wakorintho 3:3-7 inakupa lugha ya kuueleza: mbao za mawe na mbao za moyo. Mwanafunzi mwenye Biblia iliyotafsiriwa kutoka Kilatini cha zamani atakuta elfu ishirini na tatu katika Kutoka. Kiebrania ni elfu tatu. Mwambie mapema asije akadhani umemdanganya.

Tena, ile "saa tatu ya mchana" ya Matendo 2:15 ni zawadi kwetu tunaosoma kwa Kiswahili. Wenye lugha nyingine wanahitaji maelezo ya pembeni. Sisi saa tatu ni saa tatu, jua limepanda kidogo, na kila mtu darasani anaelewa kwa nini Petro anashangaa mtu kudhaniwa amelewa muda huo.

Mkesha_na_Taa:

Naongezea upande wa ibada. Katika Misa ya mkesha wa Pentekoste, Kanisa Katoliki limeweka masomo manne ya Agano la Kale: Mwanzo 11:1-9 (Babeli), Kutoka 19 (Sinai), Ezekieli 37 (mifupa mikavu), na Yoeli kuhusu kumiminwa Roho. Kwa hiyo Sinai imo ndani ya liturujia yenyewe. Waorthodoksi wanavaa kijani na kupamba kanisa kwa majani, Magharibi ni nyekundu ya moto. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, kanuni ya 20, uliagiza watu wasali wamesimama siku zote hamsini, ndiyo maana kwa Waorthodoksi sala za kupiga magoti za jioni ya Pentekoste zina uzito wa pekee. Wakristo wa kwanza waliita "Pentekoste" kipindi chote cha hamsini, si siku ya mwisho tu.

Neema_ya_Malimbuko:

Mmeeleza vizuri. Mbona hakuna aliyesema maana ya mikate miwili? Mimi nimefundishwa ni Wayahudi na Mataifa, na chachu ni dhambi iliyobaki ndani ya Kanisa.

Mundu_na_Mganda:

Dada, fundisho hilo lipo na limependwa sana, ila ni tafakari ya Kikristo, Walawi haielezi kwa nini ni miwili wala kwa nini ina chachu. Na chachu kuwa dhambi sikuzote hakukai sawa: Mathayo 13:33 ufalme wa mbinguni unafananishwa na chachu, na Walawi 7:13 inaagiza mikate iliyotiwa chachu katika sadaka ya shukrani. Maelezo yaliyo karibu zaidi na maandiko ni kwamba huu ni mkate wa kawaida, ule watu waliokula nyumbani kila siku, unaletwa sasa ngano imeingia ghalani. Mishna inasema mganda uliruhusu nafaka mpya kwa watu, na mikate miwili ikairuhusu hekaluni. Ukitaka kulifundisha lile la Wayahudi na Mataifa, lifundishe, ukisema ni tafakari. Na nchi zile za Matendo 2:9-11 zihesabu uone: majina 15, yote ya Wayahudi na waongofu. Mataifa wenyewe wanaingia sura ya 10.

Mtoa mada, kwa vitendo: efa inakadiriwa lita 22 hivi, kwa hiyo sehemu ya kumi ni lita 2.2. Leta chombo cha lita mbili na kidogo, ukijaze unga, hicho ndicho kipimo cha mganda na pia cha kila mmoja wa mikate miwili. Uzito wake ni kama kilo 1.2. Mishna inasema kila mkate ulikuwa na urefu wa viganja saba na upana wa vinne. Kiganja ukikichukua kuwa sentimita 8, ni 56 kwa 32. Chora umbo hilo kwenye karatasi kubwa. Watu huwaza viboflo viwili vya mkononi, kumbe ni mkate mpana wa kubebwa kwa mikono miwili, wa unga wa kilo na zaidi. Ukiamua kuoka, chachu ya wakati ule ilikuwa donge la unga wa siku zilizotangulia uliochacha, si hamira ya paketi. Donge hilo linahitaji usiku kucha, kwa hiyo kanda jana yake au mkate utakuwa jiwe.

Vitu vya kuacha: kula vyakula vya maziwa na kukesha usiku mzima kwa kusoma ni desturi za Wayahudi za baadaye. Mkesha wa kusoma ulienea kutoka kwa wanazuoni wa Safedi, mji wa Galilaya, katika karne ya 16. Usimwekee Petro desturi hizo. Kitabu cha Ruthu nacho kusomwa siku hiyo ni desturi ya baadaye, ila hicho kitumie, maana kinaingia chenyewe: Ruthu 1:22 wanafika mwanzo wa mavuno ya shayiri, 2:23 anaokota hadi mwisho wa mavuno ya shayiri na ya ngano. Ndicho kipindi chote kati ya mganda na mikate, kikionekana kwa macho ya mgeni maskini pembeni mwa shamba.

Mwalimu_wa_Watu_Wazima:

Sina la kusema ila asante. La mwisho kabisa: 1 Wakorintho 15:20, "limbuko lao waliolala". Paulo alikuwa na mganda akilini, au "limbuko" ni neno tu la kawaida?

Hesabu_ya_Majuma:

Angalia alipokuwa na alipokuwa akielekea. Paulo anahesabu siku kama Myahudi yeyote. Katika Matendo 20:6 anaondoka Filipi baada ya siku za Mikate Isiyotiwa Chachu, siku tano baharini, siku saba Troa. Ukihesabu kutoka 16 Nisani, siku kama 18 zimeshakwisha. Kisha Aso, Mitilene, karibu na Kio, Samo, Mileto, na 20:16 inasema alikuwa anaharakisha awahi Yerusalemu siku ya Pentekoste. Zimebaki wiki nne pungufu, na bado Tiro atakaa siku saba.

Sasa chukua waraka wenyewe wa kwanza kwa Wakorintho. Sura ya 5:7-8: Kristo Pasaka wetu amechinjwa, tusafishe chachu. Sura ya 15:20: Kristo limbuko. Sura ya 16:8: nitakaa Efeso hata Pentekoste. Pasaka, limbuko, Pentekoste, kwa mpangilio uleule wa Walawi 23. Na neno la Kigiriki alilolitumia 15:20, aparkhe, ndilo neno ambalo tafsiri ya Kigiriki ya Walawi 23:10 inalitumia kwa mganda. Hiyo haithibitishi alichowaza, lakini mtu anayeandika kabla ya Pentekoste, akiitaja Pasaka na hiyo pia, huenda yumo ndani ya zile siku 49. Mstari wa 15:23 nao wasomee: "limbuko ni Kristo, baadaye walio wake Kristo, atakapokuja". Mganda kwanza, shamba lote baadaye.

Sauti_na_Moto:

Na kwa Roho, neno hilohilo aparkhe liko Warumi 8:23, "malimbuko ya Roho". Mtoa mada, mafungu hayo mawili yaandike ubaoni, moja juu ya jingine.